Kabati na Vilivyomo

Tulimwacha Mpwa na kitambaa cha vumbi mkononi, mbele ya kabati kubwa la nguo, na mlango wa kabati lile ukijifungua wenyewe.

Naam, ulifunguka mpaka mwisho. Na ndani, katikati ya makoti mawili yanayonuka dawa ya nondo, ameketi mzee mmoja juu ya boksi la viatu. Amevaa suti kamili na soksi. Viatu vyake kavipanga pembeni kwa adabu. Alimtazama Mpwa jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Binti," akasema, "hapa kwenu kuna kelele mno. Na kama kuna chai, nitashukuru."

Mpwa alitaka kupiga yowe. Lakini yowe na shikamoo vilifika kooni kwa wakati mmoja, na kwa kuwa alilelewa vizuri, shikamoo ikapita kwanza.

"Marahaba," akaitikia mzee. "Na usiache mlango wazi, nimenuna."

Hebu tumkumbushe kidogo aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelitandika kwenye droo kabla ya kulisoma.

Nyumba hii ya mnada ni ya Mjomba. Jina lake la kuzaliwa alilijua mama yake, naye alikwenda nalo. Wateja humwita Mjomba, wapagazi humwita Mjomba, na mkewe akikasirika humwita Mjomba vilevile. Kwa hiyo mtoto wa dada yake, aliyekulia katikati ya meza na vioo vya watu, hakuweza kuitwa kitu kingine ila Mpwa. Mtoto wa kumzaa akawa Binamu, na hata baba yake anamwita hivyo.

Mjomba amechoka. Siku hiyo alikuwa ametoa neno mbele ya wateja wote kwamba Mpwa ataendesha mnada peke yake. Kila kilichopanda jukwaani kikigongewa nyundo kabla ya kengele ya kufunga, nyundo ni yake, na nyumba ya mnada ni yake. Kikirudi ghalani hata kijiko, vyote ni vya Binamu. Na Binamu, anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alikwisha kuupima ukumbi kwa hatua zake apate kujua zitaenea mashine ngapi za kunyanyulia vyuma.

Mpwa aliitaka nyundo ile kwa moyo wote. Si kwa ajili ya utajiri, maana vyombo vya watu waliohama havijamtajirisha mtu. Aliamini kwamba kila kitu kilichoachwa kina mtu wake mahali fulani, anayekitafuta bila kujua anakitafuta. Binamu alimcheka kwa imani hiyo. Mpwa alimwacha acheke.

Sasa, mzee aliingiaje kwenye mali ya mnada?

Aliingia kwa sababu ya adabu ya Mjomba. Nyumba nyingine za mnada hupekua kila droo. Mjomba hapekui. Anasema siri ya mtu haifunguliwi na dalali, kwa hiyo kwake kila kabati na kila sanduku huuzwa kama lilivyokuja, "na vilivyomo". Wateja wanaipenda desturi hiyo kama bahati nasibu. Kuna waliokuta humo meno ya bandia, na kuna aliyekuta paka mjamzito, ambaye leo ana wajukuu mtaa mzima.

Wapagazi, Mrefu na Mfupi, walilileta kabati jana yake wakilalamika kwamba ni zito kupita kiasi. Lakini wapagazi hao walishalalamika hivyohivyo juu ya pazia. Hakuna aliyewasikiliza.

Mzee alieleza mengine kwa ufupi, akiwa ameshika kingo za mlango kama mhubiri. Yeye na mkewe walikuwa wamegombana. Juu ya nini, alikuwa amesahau, ila lilikuwa jambo kubwa. Kama ilivyo kawaida yake tangu walipooana, aliingia kabatini kununa. Kwa kawaida mkewe humwacha, kisha chakula kikiwa tayari huja kupiga hodi mlangoni, naye hujibu kwamba hataki, naye mkewe hupiga hodi tena, naye hutoka, yakaisha. Safari hii alisinzia. Hodi ya mkewe hakuisikia. Mkewe, alipokosa jibu, bila shaka akaamini mumewe amehamia kwa dada yake, na kwa hasira akaliita gari la mnada.

Mpwa akauliza kwa nini hakugonga wakati wapagazi wanambeba.

Mzee alimtazama kwa huruma. Mtu aliyenuna, alieleza, haombi msaada. Ataonekana amekubali yaishe.

Na chakula? Kwenye mifuko ya makoti mlikuwa na biskuti za akiba. Mnunaji mzoefu hujiandaa. Na haja nyingine? Alitoka kidogo alfajiri, akaona choo cha ukumbi ni safi, akarudi. Alisema kutoka kwa haja si kutoka kwa amani.

Nje, mlango mkuu ulikuwa unasukumwa. Wateja walikuwa wamejaa barazani. Mjomba alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake chini ya saa ya ukutani, kamba ya kengele mkononi. Mpwa alimsihi mzee atoke, aende kwake, yeye mwenyewe atamlipia gari.

Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa tayari kuwa mtulivu, lakini kwa sharti.

"Nyundo yako isigonge juu ya kabati hili mpaka mke wangu apige hodi mlangoni pake. Kwa hiari yake. Akiambiwa nimo, haihesabiki."

"Asipokuja je?"

"Atakuja. Ana mwavuli wa njano."

Hilo halikuwa jibu, na Mpwa alilijua hilo. Lakini alimwona mzee akichungulia mlango mkuu tena na tena, akagundua kwamba mtu huyu hakuwa na hakika hata chembe. Alikuwa anaogopa. Mtu anayeogopa kwamba safari hii hatatafutwa, unamwambia nini?

"Naahidi," akasema Mpwa.

"Na chai?"

"Na chai."

"Ya moto. Kikombe kijae. Ahidi."

Mpwa akaahidi hilo nalo, haraka, kama mtu anavyomwitikia aliyepiga chafya. Mlango wa kabati ukajifunga. Mlango wa ukumbi ukafunguka.

Mnada ule ulianza kama maji ya mteremko. Kiti cha kinyozi kilichokwama kikiwa kimelala kilichukuliwa na mtu aliyesema anatafuta kitanda. Kizimba cha kasuku kisicho na kasuku kiligombewa na kina mama wawili, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayemnunulia mumewe. Likaja sanduku la viatu vya mguu wa kushoto pekee. Mpwa hakukata tamaa. Aliwatangazia kwamba vya kulia viliuzwa wiki iliyopita kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma. Mshona mapazia, ambaye ni jirani wa fundi redio na hawajasemezana tangu mvua zilizopita, alinyoosha kibao chake cha namba ya kunadia polepole, uso ukiwa umeelekea ukutani. Nyundo ikagonga. Mpwa alimwona mtu yule akitoka na sanduku begani, akienda upande wa mtaa wa nyuma, na moyo wake ukajaa.

Mjomba, chini ya saa yake, alikuwa anajifanya anafuta miwani. Binamu aliacha kupima ukumbi.

Kikabaki kitu kimoja jukwaani. Kabati.

Fundi viti ndiye aliyetoa dau la kwanza, nalo lilikuwa la aibu. Aliutaka ubao tu, akasema, atalivunja apate miguu ya stuli.

"Miguu ya stuli?" likauliza kabati.

Fundi viti alikishusha kibao chake kama kinachomuunguza. Mpwa aliyafumba macho. Mlango wa kabati ukafunguka, kichwa cha mzee kikatoka, na kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa akawaambia wateja kwamba kabati hili limeungwa bila msumari hata mmoja, kwamba yeye amenunia humo maisha yake yote ya ndoa bila kusikia upepo, na kwamba kwa vyovyote vile haliuzwi mpaka mkewe aje apige hodi bila kuambiwa na mtu, kama alivyoahidiwa na dalali mwenyewe. Kisha akajifungia.

Ungedhani watu watakimbia. Hawakukimbia. Desturi ya nyumba hii waliijua: na vilivyomo. Vibao vikapanda kama masikio ya sungura.

Muuza mitumba alimtaka mzee akae dukani mchana, awe analinda. Mwenye saluni akasema mtu anayejua kunyamaza siku nzima atamfaa sana mahali pa kazi. Lakini dau la maana lilitoka mstari wa mbele, kwa Mwenye Hoteli, bwana mwenye tai pana, ambaye alisema wageni wake wamechoka na picha za maua. Yeye ataliweka mapokezi. Mgeni akiingia, kabati linakohoa. Mgeni akisaini, kabati linatoa maoni.

Kutoka ndani, mzee akatangaza kwamba anaongeza juu ya dau hilo.

Mabishano yakazuka. Binamu alishika kiuno akasema haiwezekani. Mpwa akamgeukia Mjomba, na Mjomba, baada ya kukuna kidevu kwa muda, akaamua kwamba mali haijinunui. Mzee alisema hiyo ni dhuluma. Mjomba alikiri kwamba huenda ni dhuluma, ila ndiyo sheria.

Dau likabaki la Mwenye Hoteli. Lilikuwa dau ambalo nyumba ile haijawahi kulisikia. Na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kufunga.

Hapo ndipo Mpwa alipouona mwavuli wa njano ukiingia mlangoni.

Nje kulikuwa na jua kali. Mwenye mwavuli alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, aliyetembea kama mtu aliyekuja kulalamika na akasahau njiani alikuja kulalamikia nini. Alikohoa. Ndani ya kabati, mzee, aliyekuwa bado ananung'unika juu ya dhuluma, akakata neno katikati. Kikohozi kile alikijua.

Mama alikaa mstari wa nyuma, akauliza kama kabati limeshauzwa. Akaambiwa bado kidogo. Akanyoosha mwavuli, kwa kuwa hakuwa na kibao, akatoa dau lake.

Watu walitazama chini kwa huruma. Mwenye Hoteli aliongeza bila hata kugeuka. Mama akaongeza tena, kidogo, sauti ikiwa imepungua. Mwenye Hoteli akaongeza.

Mpwa akafanya jambo ambalo dalali hafanyi. Alimuuliza mnunuzi sababu. Mama, alisema, kuna makabati mengi ghalani, na ya bei nafuu. Kwa nini hili?

Mama akasimama. Aliukunja mwavuli, akaufungua, akaukunja tena.

"Ni langu mwenyewe, mwanangu. Nililiuza jana kwa hasira. Mume wangu ameondoka nyumbani. Sasa usiku nikawaza. Siku atakayorudi, atanunia wapi?"

Hakuna aliyecheka. Fundi viti alifungua mdomo, na Mpwa akatikisa kichwa, kidogo tu. Fundi viti akaufunga. Muuza mitumba alianza kulia kimyakimya akijifuta kwa pindo la gauni aliloleta kuuza. Ukumbi mzima ulijua alipo mume, isipokuwa mkewe. Na ukumbi mzima ulikuwa umesikia sharti: akiambiwa, haihesabiki. Mwenye Hoteli naye alinyamaza, lakini yeye kwa sababu ya mapokezi yake. Binamu alinyamaza kwa sababu alikuwa anaitazama saa.

Mpwa alivuta muda kwa kila hila aliyokuwa nayo. Alilisifu kabati upande wa kulia, akalisifu upande wa kushoto. Alimkaribisha mama yule asogee jukwaani, alione kwa karibu, aguse mbao. Mama akasema analijua, hana haja. Akamwomba aangalie kama bawaba ziko sawa. Mama akajibu bawaba hazijawahi kuwa sawa. Mpwa akatangaza dau la Mwenye Hoteli mara ya kwanza, akanywa maji. Akatangaza mara ya pili, akanywa maji mengine. Alikunywa mpaka chupa ikaisha.

"Una la kuongeza, mama?"

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa amefika mwisho.

Nyundo ilikuwa juu. Mpwa aliuona ukumbi wote kwa mara moja, jinsi unavyoona chumba unachokaribia kukihama: vioo vilivyoegemezwa ukutani, taa zisizo na vivuli, kiti chini ya saa ambacho mama yake mwenyewe alikuwa akimnyonyeshea. Aushushe mkono tu. Kufumba na kufumbua, vyote ni vyake. Nani angemlaumu? Mzee wa kabatini alikuwa mgeni wa asubuhi moja. Hata jina lake hakulijua.

Mjomba aliishika kamba ya kengele, kisha akaiachia, akavua miwani akaifuta. Ilikuwa safi. Akaifuta tena. Binamu alimkumbusha saa. Mjomba akavaa miwani, akatazama mkono wa mpwa wake uliosimama hewani, akavuta kamba.

Kengele ikalia.

Mpwa akaishusha nyundo polepole, akailaza mezani bila sauti, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyelala.

Wateja walitoka mmoja mmoja bila kusukumana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mjomba alipanda jukwaani kwa taabu. Akaichukua nyundo. Alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Ungegonga tu, mwanangu. Nani angekulaumu?"

"Wewe, Mjomba."

Ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba bei hupanda na kushuka, bali neno la dalali likishuka halipandi tena. Naye pia alikuwa ametoa neno mbele ya watu. Akamkabidhi Binamu nyundo, akatafuta kofia yake ilhali ameivaa, akaenda zake nyumbani kwa mguu.

Huku nyuma, mama wa mwavuli alikuwa hajaondoka. Alikuja kuliaga kabati. Alilipapasa, akaondoa vumbi kwa kiganja pale Mpwa alipokatizwa asubuhi. Akageuka aende. Hatua ya kwanza, ya pili. Kisha mkono wake, wenyewe, kwa mazoea ya miaka ambayo kichwa hakina habari nayo, ukarudi nyuma ukabisha mlangoni.

"Hodi," akasema kwa kuliaga. "Chakula tayari."

"Sitaki," likajibu kabati.

Mwavuli ulianguka. Mama aliganda hata Mpwa akadhani amezimia wima.

"Umo humo tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kunijali."

"Toka."

"Bado nimenuna."

Mama aliuokota mwavuli, akaukunja vizuri, akauning'iniza mkononi. Akavua viatu, akavipanga chini, pembeni.

"Basi sogea," akasema.

Akaingia. Mlango ukajifunga. Kutoka ndani zikasikika sauti mbili zikibishana polepole juu ya nani anakalia koti la nani, na Mpwa, aliyekuwa amepoteza kila kitu alichokitaka duniani robo saa iliyopita, alijikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Kisha akakumbuka chai.

Alimkuta Binamu amesimama mlango wa jikoni, nyundo kaichomeka kwenye mkanda. Alikuwa ameanza kazi. Habari ni kwamba amemuuzia Mwenye Hoteli kabati, bila mnada, nyuma ya pazia, kwa dau lilelile. Na vilivyomo. Gari limeegeshwa mlango wa nyuma. Mpwa akamwambia vilivyomo sasa ni viwili, mtu na mkewe. Binamu akajibu kwamba hiyo ni faida ya mnunuzi, na hoteli ina nafasi.

Mpwa alipita, akabandika birika. Binamu akauliza anampikia nani. Mpwa akamwambia.

"Sikiliza, Mpwa. Umenyimwa nyundo, hujanyimwa kazi. Kaa, ufute vioo, kila mwezi uje tuonane. Lakini hii ni mali iliyouzwa. Ukiipelekea chai, kesho usije."

Maji yalikuwa yanachemka. Mpwa alitafakari, na sitamficha msomaji, alitafakari sana. Alikulia mle. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Kuhusu nyundo angalau watu walimwona, wangesimulia. Lakini chai? Nani angejua kama kikombe cha chai hakikufika?

Mzee mmoja angejua. Basi.

Akachukua vikombe viwili. Akavijaza mpaka ukingoni.

Alitembea ukumbini kwa hatua fupifupi, macho kwenye chai, akisikia viatu vya Binamu nyuma yake vikiongeza mwendo na sauti yake ikiamuru vikombe virudi. Huko nyuma, Mrefu na Mfupi walikuwa wamekwisha kufunguliwa mlango, wanakuja na kamba. Mpwa alifika kabatini mikono ikiwa imejaa, hana hata kidole cha kubishia. Akabisha kwa kiwiko.

"Hodi. Chai."

Mlango ukafunguka kiasi. Ukaonekana uso wa mama, nywele zimevurugika, macho mekundu, na nyuma yake mzee ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ameanza kucheka na sasa anajitahidi kununa upya. Mama alimtazama Mpwa, akamtazama Binamu anayekuja mbio na mkono aliounyoosha kupokonya.

"Ingia upesi, mwanangu, itamwagika."

Mpwa akaingia. Mlango ukajifunga na komeo la nje, kwa kuwa bawaba za mlango hazijawahi kuwa sawa, likaanguka lenyewe likakwama.

Binamu alifika, akavuta, hakikufunguka kitu. Akatazama kushoto na kulia. Akatazama saa. Mwenye Hoteli alikuwa anapiga honi. Akawaambia wapagazi wabebe.

Mrefu alishika huku, Mfupi akashika kule. Wakainua kidogo, wakaweka chini, wakatazamana.

"Bosi," akasema Mfupi, "hili kabati limezidi uzito kuliko jana."

"Nyinyi mlilalamika hata juu ya pazia," Binamu akajibu. "Bebeni."

Wakabeba. Ukumbi ukaanza kuyumba, au ndivyo alivyohisi Mpwa gizani, katikati ya makoti mawili na watu wawili, akisikia mlango wa nyuma ukipita, kisha ngazi, kisha ngurumo ya gari. Kabati likainamia upande mmoja, likainamia wa pili. Alivikumbatia vikombe vyote viwili kwa mikono yake yote miwili, pumzi ameibana, mpaka mkono wa mzee ulipopapasa ukakipata kimoja.

Kilikuwa cha moto. Kilikuwa kimejaa.